Hotuba ya Uzinduzi wa Lifti Iendayo Ghorofa ya Sita

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, ambaye tumekubaliana kwa maandishi kwamba atajwe wa pili lakini kwa sauti ileile, waheshimiwa wakurugenzi wasaidizi sita, ambao hawapo hapa ukumbini kwa sababu kila mmoja yuko ofisini kwake kwenye ghorofa yake, wakuu wa vitengo, makaimu wakuu wa vitengo, wanaowakaimu makaimu, ndugu wadau mliokaa kwenye viti vyenye mito, ndugu wadau mliokaa kwenye viti visivyo na mito, wananchi mliosimama, na mwisho, kwa mujibu wa itifaki, nyinyi mliokaa kwenye ngazi, ambao naomba mtoke kwenye ngazi. (Kicheko. Hakuna anayetoka.)

Itifaki imezingatiwa. Kwa kuwa mshereheshaji amenitambulisha kwa cheo kimoja tu, jambo ninalolichukulia kuwa ni uchovu wake na si dharau, naomba kuweka kumbukumbu sawa kwamba anayesimama mbele yenu ni Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Vibali na Mihuri, Mlezi wa Mpango Jumuishi wa Usafiri wa Wima, na mshiriki mwenye cheti wa semina ya siku tatu kuhusu asili ya binadamu kujithamini na kugombea hadhi. (Makofi kutoka viti vyenye mito.)

Ndugu zangu, tumekusanyika hapa ghorofa ya chini ili kuzindua lifti, ambayo mlango wake wa chuma mnauona nyuma yangu ukiwa umefunikwa kitambaa chekundu, na ambayo baada ya upembuzi yakinifu wa miaka tisa, vikao themanini na viwili na ziara tatu za kujifunza katika majengo yenye lifti, imefikia hatua ya kuzinduliwa. (Sauti ya mwanamke kutoka kwenye ngazi: "Mwanangu, kabla hujafika mbali. Muhuri tu.")

Namtambua mama yetu. Kwa faida ya wageni, huyo aliyekaa kwenye ngazi ya tatu akiwa amenyoosha mguu ni fundi cherehani wa kibanda cha pembeni ya lango, tunayemwita Mama Fundi, na suala lake limefika mezani kwangu mara nne, mara zote likiwa mikononi mwa binti yake, ambapo kwa utaratibu haliwezi kupokelewa. Mama ana nyonga iliyosagika baada ya miaka thelathini na minane ya kukanyaga cherehani. Daktari bingwa wa mifupa yuko hospitali ya ng'ambo ya barabara kwa wiki hii pekee, na orodha ya watakaofanyiwa upasuaji inafungwa leo saa sita mchana. Kuingia kwenye orodha kunahitaji fomu ya rufaa yenye muhuri wa idara yangu. Muhuri hugongwa ghorofa ya sita, mbele ya mhusika mwenyewe. Mhusika hawezi kupanda kwa sababu ya nyonga, na nyonga haiwezi kutibiwa kwa sababu mhusika hajapanda. Nyinyi mnaona tatizo. Sisi wa idara tunaona fursa, na ndiyo maana leo tuna lifti. (Makofi. Mama Fundi: "Haya, fungua basi nipande." Kicheko.)

Tutafungua. Saa ya ukutani inaonesha saa tano na dakika tano, muda upo, na hotuba yangu ni fupi.

Swali ambalo mwananchi wa kawaida hujiuliza akipanda ngazi zetu mia moja na thelathini na mbili ni hili: kwa nini mkubwa akae juu? Jibu, kama tulivyoelezwa siku ya kwanza ya semina, kabla ya chai, ni la zamani kuliko serikali yoyote. Weka kuku kumi wasiojuana katika banda moja. Siku ya kwanza watadonoana mpaka manyoya yaruke. Siku ya tatu kila kuku anajua amdonoe nani na adonolewe na nani, na banda linatulia. Nenda kwa nyani: aliye juu ya jiwe ndiye anayekula kwanza, na aliye chini anakula akiangalia juu. Sasa njoo kwenye jengo letu. Mimi niko ghorofa ya sita. Sikujiweka. Nimewekwa na mamilioni ya miaka. (Makofi. Sauti ya kijana kutoka nyuma: "Na miaka yote hiyo nyani hawajawahi kuomba fomu." Kicheko.)

Naomba mlinzi amtazame huyo. (Mlinzi wa mlangoni anamtazama, kisha anacheka naye.)

Siku ya pili ya semina tulijifunza jambo zito zaidi. Mababu zetu waliishi katika vikundi vidogo, watu hamsini, watu mia, na aliyefukuzwa na kikundi hakuwa na siku nyingi: chui alimpata, au njaa. Kwa hiyo binadamu akaota kifaa kifuani, mfano wa geji ya mafuta kwenye gari, ambayo kazi yake ni kusoma jinsi wenzake wanavyomthamini. Mshale ukipanda, unajisikia mtu. Ukishuka, unakosa usingizi, unakumbuka neno ulilosema vibaya kwenye kikao cha juzi, unajiuliza kwa nini fulani hakukuitikia salamu. Huko kujiamini mnakokusikia kwenye redio si kingine ila mshale huo. Mkufunzi akatuuliza, je, ukiona mshale umeshuka, unatia mafuta au unausukuma mshale kwa kidole? Wengine walijibu kwa haraka. Mimi nilirudi ofisini nikalifanyia kazi.

Tulianza na utafiti wa ndani. Dodoso la maswali arobaini lilionesha kwamba asilimia tisini na saba ya watumishi wa idara hii wanajiona bora kuliko mtumishi wa kawaida wa idara hii, na asilimia tatu waliobaki walikuwa likizo. Hata hivyo tuligundua watumishi sita ambao mishale yao ilikuwa chini kwa kiwango cha kuhatarisha afya, kwa kuwa walisoma darasa moja na mimi na hawakuwa na cheo. Ndipo nikabuni nafasi sita za Mkurugenzi Msaidizi, mmoja kwa kila ghorofa. Cheo hakikai hewani, kinahitaji mlango wenye kibao. Nafasi za milango zilipatikana ndani ya jengo hilihili bila kuongeza tofali, na mahali zilipopatikana nitapataja wakati wa shukrani.

Tukaingia awamu ya pili, ambayo ni kiti. Mnakiona hapo kikiwa kitupu, kiti chenye mgongo mrefu na mikono ya ngozi, ambacho hutangulia popote ninapokwenda kikibebwa na tarishi, ili nisije nikafika mahali nikakuta kiti cha hadhi ya chini. Kila Jumatatu watumishi hufanya mazoezi. Kiti kikipita, unasimama, unainamisha kichwa, unatazama sakafu, unasema "Karibu Mheshimiwa." Kumtazama usoni anayekikalia ni kuhoji, na kuhoji kunashusha mshale. Tathmini ya robo ya mwisho imeonesha utii wa asilimia mia moja. (Makofi. Tarishi, kwa sauti ya chini: "Mgongo wangu nao uliingia kwenye tathmini?")

Awamu ya tatu ni mwonekano. Paka akitishwa husimamisha manyoya aonekane mkubwa. Samaki fulani hujijaza maji. Binadamu, kwa kukosa manyoya, amebuni koti. (Mama Fundi: "Sponji tabaka tatu kila bega. Nilikuwekea mbili ukasema unaonekana kama karani." Kicheko kirefu, pamoja na viti vyenye mito.)

Mama yangu, siri ya mteja ni siri. (Mama Fundi: "Siri nimekutunzia miaka sita, mwanangu. Hata ule mfuko wa ndani, kushoto, ulioniambia niushone kwa ajili ya muhuri, wenye vifungo viwili, baada ya Makamu wako kuugonga wewe ukiwa msalani, sijamwambia mtu. Muhuri umo humo, naona umevimba. Njoo hapa kwenye ngazi, hatua saba tu, ugonge nikamwone daktari.")

Saa tano na dakika ishirini na nane. Sitakataa, kwa sababu mimi ni mtu wa uwazi, kwamba muhuri kimwili upo ukumbini. Lakini naomba tutofautishe muhuri kimwili na muhuri kihadhi. Kihadhi, muhuri uko ghorofa ya sita. Nikiugonga hapa, kwenye ngazi, juu ya goti la mtu, mbele ya wauza bahasha wenye meza yao pale nje, kesho mtaniuliza ghorofa ya sita ni ya nini, na keshokutwa mtaniuliza mimi ni wa nini. (Sauti kutoka kwa waliosimama: "Hata leo tungeuliza." Mwingine: "Mwache amalize, anakaribia ukweli.")

Nirudi kwenye semina. Siku ya tatu mkufunzi alitueleza kwamba binadamu, tofauti na kuku, ana njia mbili za kupata hadhi. Ya kwanza ni kuogopwa. Ya pili ni ile ambapo watu wanakupa nafasi wenyewe, bila kusukumwa, kwa kuwa unajua kitu au unawafaa kwa jambo. Njia hii ya pili, kwa bahati mbaya, iliangukia mchana, na sisi wakuu tulikuwa tumeomba ruhusa ya kwenda kupiga picha ya pamoja. Kwa hiyo kwenye mpango mkakati wetu tumeiwekea ukurasa, ambao utaandikwa.

Sasa kuhusu ufunguzi wenyewe. Mlango wa lifti utafunguliwa mara tu Kamati ya Itifaki itakapokamilisha mwongozo wa nani aingie kwanza, nani abonyeze kitufe, na kama mwananchi akiwa ndani na mkubwa akaingia, mwananchi ageukie ukuta au atoke. Rasimu ya kwanza ilipendekeza ageukie ukuta, lakini Makamu Mwenyekiti akahoji ukuta upi, na hoja hiyo kwa kweli ilikuwa nzito, ikatuchukua vikao kumi na... samahani. Mlinzi. Mlinzi, unakipeleka wapi kiti changu?

(Mlinzi amevua kofia. Yeye na tarishi wamekileta kiti mpaka chini ya ngazi. Wafagizi wawili wanamwinua Mama Fundi taratibu, mmoja kila upande, wanamkalisha. Mlinzi: "Shika mikono ya kiti, mama. Hii sare ulinishonea wewe, kola yake haijawahi kunichoma." Mfagizi mmoja: "Na za wanangu wote watatu." Tarishi: "Kiti hiki nakibeba kila siku. Leo ndiyo mara ya kwanza nakibeba na mzigo wa maana.")

Ndugu wadau, hilo halimo kwenye ratiba. Naomba liandikwe kwamba halimo kwenye ratiba. (Kiti kinaanza kupanda. Mama Fundi: "Nyie, polepole kwenye kona." Binti yake, kutoka mlango mkubwa: "Mama, nakusubiri barabarani, chini ya dirisha." Watu waliokuwa wamekaa kwenye ngazi wanasimama wenyewe, wanapisha.)

Wamepisha. Mimi niliwaomba watoke dakika arobaini zilizopita. Niliwaomba kwa kipaza sauti.

(Kutoka ghorofa ya kwanza, mlango wa chuma unafunguka, na sauti nzito inasema: "Karibu Mheshimiwa." Kicheko kinapanda pamoja na kiti. Mtoto mmoja aliyepanda kukifuata kiti: "Baba, ndani ya lifti kuna meza." Baba yake: "Na mtu mzima nyuma ya meza.")

Huyo ni Mkurugenzi Msaidizi wa Ghorofa ya Kwanza, anatekeleza wajibu wake, kiti kimepita. Hakutazama uso. Amefanya sawasawa kabisa na alivyofundishwa.

(Ghorofa ya pili, mlango wa chuma: "Karibu Mheshimiwa." Mama Fundi: "Ahsante, baba. Hiyo kaptura yako ikichakaa tena pale nyuma, ilete." Vishindo vya kicheko.)

Ndugu mshereheshaji, kipaza sauti hiki hakina waya? Vizuri. Basi hotuba itaendelea wakati nikipanda, kwa kuwa mhusika anaelekea ulipo muhuri kihadhi, na muhuri kimwili unao wajibu wa kufika huko kabla yake. Wadau kaeni. Msisimame kwa ajili yangu. (Hakuna aliyesimama.) Nashukuru kwa kutosimama.

Ghorofa ya kwanza. Kupanda ngazi, kama mnavyojua, huimarisha moyo, na idara yangu kwa miaka tisa imeimarisha mioyo ya wananchi wapatao laki mbili na elfu kumi na moja, takwimu ambayo haijumuishi walioishia njiani. Mkurugenzi Msaidizi, kaa chini, ni mimi. Ni mimi. Kwa nini husimami? (Sauti nzito: "Kiti kimeshapita, Mheshimiwa. Maelekezo ni kusimama kiti kikipita.")

Ghorofa ya pili. Hapa pana dirisha. Ningependa tuzungumzie dirisha. Kwa kawaida huwa naingia jengoni saa moja na nusu, napumzika kila ghorofa, nafika mezani saa nne, na ratiba hiyo ni nzuri kwa tafakuri. Mama Fundi, mama yangu, simameni hapo mlipo, nimeridhia. Nitagonga hapa. Kati ya ghorofa. (Mama Fundi, kutoka juu: "Panda, mwanangu. Ulisema muhuri una ghorofa yake, na mimi sitaki uniharibie heshima yako." Kisha: "Mabega nilikutengenezea. Miguu ni ya kwako.")

Ya tatu. Nafupisha. Mshale wangu, ndugu zangu. Nausikia. Unashuka. (Juu yake: "Karibu Mheshimiwa.")

Ya nne. Asilimia. Kuna asilimia nilitaka kutaja.

Ya tano. Naomba. Maji. (Mkurugenzi Msaidizi wa Ghorofa ya Tano anampitishia glasi kupitia mlango wa chuma, bila kumtazama usoni.)

Nipo. Ghorofa ya sita. Naomba ieleweke kwamba nimefika. Wa mwisho, lakini kwa cheo. Wa kwanza. (Mlinzi: "Saa sita kasoro dakika sita, Mheshimiwa." Mkurugenzi Mkuu anapapasa vifungo viwili vya mfuko wa ndani, havifunguki. Mama Fundi: "Leta, nilivishona mimi." Anavifungua. Kishindo kimoja cha muhuri kinasikika kwenye vipaza sauti vya jengo zima. Makofi kutoka chini, ya kwanza yasiyoanzia kwenye viti vyenye mito.)

Fomu imekamilika. Sasa mhusika atashuka kwa utaratibu, hatua mia moja na thelathini na mbili, ambazo kwa dakika nne zilizobaki ni... Mama yangu, huo mkasi ni wa nini? (Mama Fundi: "Tulia. Upepo utaipeperusha hii karatasi kabla haijamfikia mtoto. Nataka kitu kizito cha kuishusha na kitu laini cha kukikinga." Mlio mdogo wa mkasi. Mlinzi: "Mheshimiwa, usijali, ni bega moja tu." Mama Fundi, akifunga uzi: "Fomu, muhuri, sponji. Binti, kinga mikono." Kutoka barabarani, mbali: "Nimeidaka, mama." Kisha kishindo kidogo cha kitu kuachwa juu ya meza ya wauza bahasha, na miguu inayokimbia kuvuka barabara.)

Naomba utulivu. Naomba mwandishi wa kikao aandike yafuatayo, neno kwa neno. Leo, saa sita kasoro dakika tatu, shehena ya kwanza ya idara imesafiri kutoka ghorofa ya sita hadi chini katika sekunde nne, bila foleni, bila mwananchi kugeukia ukuta. Kwa hiyo usafiri wa wima umeanza rasmi, na mimi ndiye mlezi wake. (Kutoka dirisha la hospitali ng'ambo, sauti ya binti: "Wameandika jina lako, mama. Wewe ni wa mwisho kwenye orodha." Mama Fundi: "Wa mwisho naye yumo ndani." Anafuta macho kwa ncha ya nguo yake, kisha anaurudisha mkasi kwenye begi.)

Nimalizie na kauli mbiu, ambayo nitaomba muitikie kwa pamoja. Hadhi kwanza. (Kutoka chini, juu ya meza ya wauza bahasha: kishindo cha muhuri.) Sikusikia vizuri. Kila mtu ghorofa yake. (Kishindo. Kishindo.) Kuna nini huko chini? (Sauti: "Pangeni mstari, jamani, wenye watoto mbele." Kishindo.)

Kwa shukrani, basi. Namshukuru mkufunzi wa semina. Nawashukuru wajumbe wa vikao themanini na viwili. Kwa namna ya pekee nawashukuru wakurugenzi wasaidizi sita, waliokubali kukaa, mmoja juu ya mwenzake, ndani ya tundu ambalo lifti ingepita, na hivyo kuiwezesha idara, tangu mwaka wa kwanza wa mradi, kutoagiza lifti yoyote. Nawashukuru nyote kwa kuja kuizindua. Kitambaa chekundu kirudishwe stoo. Na yeyote mwenye muhuri wangu huko chini, kwa heshima na taadhima, naomba anipandishie.

(Kishindo. Kishindo. Kishindo.)